Maneno Manne Chini ya Jina la Mama Zaina

Ninyi mnaotengenezea watu tovuti mkiwa mmelala chali, simu juu ya kifua, kaeni kitako kidogo. Mimi ndiye yule mzee wa Mikelenge, mtaa wa Kindu, ambaye mkipita mbele ya ua wake mnaambiana, "Huyu hatoki hata nyumba ikiungua." Si uongo. Nimefanya kazi maisha yangu yote juu ya viti vitatu, na vyote vitatu vilikuwa ndani ya ua huuhuu. Cha kwanza kilikuwa cha foni, ile redio ya kusemea mbali tuliyoitegemea wakati wa vita. Cha pili kilikuwa mbele ya mashine ya kuandika, nikipigia watu barua zao. Cha tatu mbele ya kompyuta, nikitengeneza kurasa za tovuti, mpaka macho yalipoomba ruhusa nami nikawapa ninyi kazi.

Ndege zinapita juu ya paa langu na sijapanda hata moja. Kalima nimefika mara moja, nikaumwa tumbo, nikarudi. Lakini sauti yangu ilifika Kalima nikiwa nimevaa kanda mbili, na kurasa zangu mtu anaweza kuzisoma akiwa ng'ambo ya bahari ambayo sitaiona. Ninajivuna, ndiyo. Mtu wa nyumbani akijivuna hazibi njia ya mtu.

Leo nina jambo moja tu la ufundi. Naona mnalikosea kama nilivyolikosea mimi, ila mimi nililikosea kwa bidii zaidi.

Ukiandika jina la mahali kwenye simu, mashine ya kutafuta inakuletea jina lile, na pengine chini yake inapanga maneno madogo mawili, matatu, manne. Kila neno ni mlango wa pembeni wa nyumba ileile. Umetafuta shule, chini ya jina unaona "Kuandikisha", "Walimu", "Njia ya kufika"; unafinya unalolitaka, unaingia moja kwa moja bila kuzunguka sebuleni. Ninyi mnadhani mwenye tovuti ndiye anayeyapanga maneno hayo. Nami nilidhani hivyo, mpaka asubuhi ile Mama Zaina alipokuja kwangu.

Mama Zaina ni mkunga. Ana maternite yake ndogo, nyumba ya kuzalishia, hapa Mikelenge, vyumba vinne na ua unaofagiliwa mara tatu kwa siku, na wanawake wanamjia hata kutoka ng'ambo ya mto, na mbali zaidi. Tovuti yake nilimtengenezea mimi. Hakuniomba. Nilimtengenezea kwa sababu alizalisha watoto wangu wote sita, na kwa sababu nilikuwa nimejifunza ufundi mpya na hakuna mwingine aliyekubali nimfanyie majaribio.

"Baba Foni, uko?"

"Niko. Umewahi kuja usinikute?"

"Leo sikuje kucheka. Mwanamuke amezalia mu mutumbwi."

Nilisimama. Mke wangu Mwajuma, aliyekuwa akipeta mchele, aliweka ungo chini.

"Wako wazima?" aliuliza.

"Wazima wote, mama na mutoto. Muvushaji njo alizimia." Kisha akanigeukia mimi, na ule utani ukamwisha usoni. "Walitoka Alunguli, ng'ambo ya mto, wanakuja kwangu. Katikati ya mto bwana yake amefungua simu apate njia ya kufika. Akasoma. Akamwambia muvushaji, geuza, wamefunga. Wakati wanagombana kama wageuze ao wasigeuze, mutoto akakata shauri yeye mwenyewe."

Alininyooshea simu yake kama mtu anayekuonyesha panya aliyemkuta chunguni mwako. Juu kulikuwa na jina lake, zuri, limenyooka, kazi ya mikono yangu. Chini ya jina kulikuwa na maneno mawili:

Tumefunga.

Paa limeng'oka.

"Baba Foni, paa yangu iko?"

"Iko."

"Nimefunga?"

"Haukufunga."

"Sasa hii simu inasema habari ya nani?"

Nilijua vizuri habari ya nani. Miezi mingi nyuma upepo ulikuwa umeng'oa mabati ya maternite na kuyalaza katika shamba la mihogo la jirani. Mama Zaina alifunga kwa majuma mawili. Mimi, mtu wa haraka nikiwa nimekaa, niliandika ukurasa wa tangazo, "Tumefunga", na ukurasa mwingine wa picha za mabati, "Paa limeng'oka". Mabati yaliporudishwa, nilitoa tangazo kwenye ukurasa wa kwanza, nikanywa chai. Kumbe hao wawili, zile kurasa mbili, walikuwa bado ndani ya nyumba, wamesimama dirishani, wanafukuza wageni.

"Sasa sikia," Mama Zaina alisema, akakaa bila kukaribishwa, na kwake hiyo ni dalili mbaya. "Iko mwanamuke mumoja wa Kalima, anaitwa Mauwa. Mimba ya kwanza alivuja damu mpaka nikamuita kwa jina akakosa kuitika. Sasa iko na mapacha. Nilimwambia, mwezi wa nane wa mimba ukiisha uje ukae kwangu, usingoje uchungu njiani. Mwezi wa nane umeisha. Hajakuja. Na bwana yake ni muntu wa simu. Haulizi njia kwa muntu, anauliza simu."

"Umpigie."

"Numero yake haipiti. Anachimba kasiterite, yale mawe ya bati, leo shimo hili, kesho shimo lile. Nimetuma neno na watu wa pikipiki, wamesema shimo walilomujulia limekufa. Iko na njia moja tu ya kunitafuta." Akagonga kioo cha simu. "Na hii njo inamwambia nimefunga."

Mwajuma alinitazama. Ameolewa na mimi miaka mingi na anajua kunitazama kwa namna ambayo neno lolote lingekuwa huruma.

Nikajifungia na kompyuta. Na hapa, vijana, nawaomba mcheke mapema ili tumalizane. Jambo la kwanza nililofanya, niliandika katika kile kisanduku cha kutafutia, kwa heshima zote: "Tafadhali ondoeni Tumefunga kwa Mama Zaina, amefungua." Mashine ikaniletea habari za maduka yaliyofungwa katika nchi za watu. Jambo la pili, kila baada ya saa moja nilitafuta jina la Mama Zaina na kufinya "Tumefunga" nione kama ingali hai. Ilikuwa hai. Siku mbili nilikaa nikibisha mlango niliotaka uzibwe.

Siku ya tatu nilivaa viatu. Mwajuma alitoka nje kushuhudia. Nilikwenda mpaka mtaa wa Kasuku kwa Furaha, mama mmoja mwenye chumba cha kompyuta, ambaye ndiye aliyenifundisha kazi hii nikiwa tayari na mvi. Furaha hanionei huruma, na ndiyo sababu alinifundisha vizuri.

"Baba Foni umetembea!" alisema. "Nani amekufa?"

Nikamweleza. Hakucheka sehemu ya mtumbwi. Alifungua tovuti yangu, akasoma, akasoma tena.

"Nani amekuambia unaweza kuamuru haya maneno ya chini?"

"Tovuti si yangu?"

"Tovuti ni yako. Maneno ni ya mashine. Inapita, inasoma kurasa zako zote, halafu inajiuliza: muntu anayetafuta jina hili, iko na haja ya kwenda wapi haraka? Inajichagulia. Ikiona hakuna cha kumusaidia, haiweki kitu. Haiwezi kupewa zawadi, haina shangazi wa kumubembeleza. Weye kazi yako ni kupanga nyumba vizuri, ili ikichagua ichague vema."

"Sasa juu ya nini imechagua mabaya?"

"Nisomee vichwa vya kurasa zako."

Nikasoma. Ukurasa wa kwanza: "Salaam aleikum na yambo kwenu nyote, karibuni sana kwa Mama Zaina." Wa pili, unaohusu kujifungua: "Salaam aleikum na yambo kwenu nyote, karibuni sana kwa Mama Zaina." Wa tatu, njia ya kufika: Salaam aleikum na yambo kwenu nyote. Nilipofika wa tano, Furaha alikuwa ameinamisha kichwa mezani, mabega yanatikisika.

"Baba, kurasa tisa! Zote zinaamkia, hakuna hata moja inayosema imekuja kufanya nini."

Nilikasirika. Nikamwambia kwetu Maniema mtu haingii kwa watu akaanza na shida. Anasalimu, anauliza nyumba, watoto, shamba, ndipo anasema. Ningemfungulia mgeni ukurasa bila salamu, marehemu mama yangu angeniona mtu wa namna gani?

"Sawa. Na hizi mbili, 'Tumefunga' na 'Paa limeng'oka', salamu yake iko wapi?"

Hizo niliziandika upepo ungali unavuma. Sikuwa na wakati wa adabu.

"Umeona?" alisema, sasa taratibu. "Mashine imekuta watu kumi na mumoja mulangoni. Tisa wamevaa kanzu moja, wanasema neno moja, haiwezi kujua nani ni nani. Wawili tu wamesema wanalolitaka, kwa neno fupi. Imechukua hao. Na tena angalia huku chini."

Akashusha ukurasa mmoja mpaka miguuni. Pale mwisho, kwa herufi nene, mlango wa kufinya: "Tumefunga". Akafungua mwingine. "Tumefunga". Nilikuwa nimeibandika katika nyayo za kila ukurasa ili pasiwe na mgonjwa asiyeiona, kisha nikaibandua kwenye ukurasa wa kwanza tu.

"Kurasa zote zinanyosha kidole kwa ukurasa huu. Mashine inasema, basi huyu njo mukubwa wa nyumba."

Njia ya kurudi nyumbani ni ndefu kwa mtu asiyetembea, nikapata wakati wa kuona haya sawasawa. Haikuwa haya ya kutojua. Nilikuwa nimejua. Nilifundishwa mambo hayohayo wakati wa vita, kabla sijaona kompyuta, na mtu ambaye hakuiona mpaka anakufa. Makosa yangu hayakuzaliwa juzi, yana wazazi.

Mwalimu wangu wa foni alikuwa Mzee Ramazani, tuliyekaa naye ua huuhuu. Miaka ile njia ya Kalima ilikuwa imekatika, garimoshi limelala stesheni nyasi zinaota katikati ya magurudumu, na chumvi ilifika kwa baiskeli ikifika. Barua hazikwenda. Mtu akitaka kujua kama ndugu yake aliyeko Tunda angali hai, alikuja uani kwetu, akajipanga, akangoja. Foni ilikuwa sanduku moja lenye sauti ya mafuta yanayokaangwa, waya wake umefungwa kati ya michikichi miwili, na ilikula batri ya gari tuliyoilisha jua kutwa nzima. Batri ile ilitupa muda mfupi tu kila asubuhi, na katika muda ule vituo vyote vilisikilizana pamoja. Masikio mengine hatukuyaalika. Kwa hiyo habari za askari wako wapi hazikutajwa kamwe.

Daftari la Mzee Ramazani lilikuwa na haja arobaini, pengine hamsini. Lakini saa ya foni ikifika alisema hivi, mimi nikiwa nimeshika waya wa batri kwa mkono: "Hapa Mikelenge. Iko dawa ya malaria. Iko watu wa Tunda wamefika. Iko barua za Kalima. Iko mutoto anatafuta mama yake. Kwenu." Manne. Halafu anaachia kitufe. Kila kituo kilichagua kinachokihusu: Kalima waliuliza barua, Tunda waliuliza watu wao. Hakuna aliyepoteza batri kwa habari ya mwenzake.

"Muzee, juu ya nini hausemi yote?"

"Weye ukienda sokoni, mwenye kuuza muchele anakutajia punje moja moja?"

Alichagua namna gani? Nilimtazama miezi mingi kabla sijaelewa. Alitazama kwanza nini kimeulizwa zaidi jana na juzi. Hakuchukua mawili yanayofanana. Kama kulikuwa na dawa tatu alisema "dawa" na anayetaka aulize zaidi. Lazima neno lisemeke kwa pumzi moja, maana foni ilimeza maneno marefu ikatapika vipande. Na kila asubuhi alianza kwa kukata kwa kalamu nyekundu yaliyokwisha. Wala mtu akimwambia, "Muzee, taja langu," hakusikilizwa. Mkubwa mmoja wa soko alimletea jogoo ili sabuni yake itajwe kila siku. Mzee Ramazani alimrudisha jogoo, akasema yeye huwataja wanaotafutwa, si wanaotaka kutafutwa.

Siku moja homa ilimwangusha, nikakalia kiti chake. Kiti cha foni! Wote waliojipanga uani walinisikia. Nikafinya kitufe, na kwa sauti ya mtu aliyelelewa vizuri, nikasalimu. Nikasalimu Tunda, nikauliza nyumba, watoto, mavuno. Nikasalimu Kalima, nikatoa pole ya msiba wa nani na nani. Nilikuwa naanza kuuliza mbuzi wa watu wa Kibombo wakati taa ndogo nyekundu ilipozimika. Batri imekufa. Hakuna hata neno moja la daftari lililokwenda. Uani watu hawakunitukana. Walikunja mikeka yao, wakarudi kwao, na hilo liliniuma zaidi.

Mzee Ramazani aliniambia kutoka kitandani, "Salamu yako ilikuwa nzuri sana. Nimeisikia mpaka huku. Sasa kesho sema jambo, na salamu uiweke mu sauti."

Kosa la pili halina cha kuchekesha. Watu wa Tunda waliotajwa walikaa siku tatu, kisha wakaondoka kwa miguu. Mimi ndiye niliyepewa kalamu nyekundu wiki ile. Nilisahau kukata. Asubuhi mbili zaidi Mzee Ramazani alisoma, "Iko watu wa Tunda wamefika." Habari ikamfikia mwanamke mmoja huko porini alikojificha, akatembea mpaka kwetu kumpokea dada yake, akakuta mkeka mtupu. Alikaa juu ya mkeka ule mpaka jua likageuka. Mzee Ramazani hakunipigia kelele. Alinipa maji nimpelekee, ili nimtazame usoni.

"Neno likikufa, ulizike siku ileile," aliniambia. "Likibaki linatembea, linapoteza watu."

Haya. Nilirudi kutoka kwa Furaha, nikavua viatu, nikakaa. Mwajuma aliuliza kama nimefukuzwa. Nikamwambia nimekumbushwa.

Nilifanya kazi mchana ule wote. Kwanza niliandika kwenye karatasi: mwanamke mwenye tumbo kubwa, au mume wake mwenye haraka, anatafuta nini kwa Mama Zaina? Sikujibu mwenyewe, nilimtuma Mwajuma akawaulize kina mama waliokaa kwenye benchi ya maternite. Walisema: kama anapokea, kama kuna mahali pa kungojea siku zifike, kama kitanda kiko, na njia ipi kutoka mtoni. Hakuna hata mmoja aliyetaka kuona picha za mabati.

Kwa hiyo kila ukurasa ulipata kichwa chake, kifupi, kisichofanana na cha jirani: "Kujifungua". "Chumba cha kungojea". "Vitanda viko". "Njia ya kufika". Maneno hayohayo niliyaweka kwenye ukurasa wa kwanza kama milango, yakisomeka vilevile, si "finya hapa" wala "endelea", maana "finya hapa" haimwambii mtu wala mashine kuna nini nyuma ya mlango. Kurasa nne zilizobaki, ambazo hazikuwa na kazi, pamoja na ule wenye picha yangu nikiwa nimekaa, nilizikusanya zikawa ukurasa mmoja. Salamu sikuzifuta. Zilishuka mstari mmoja, chini ya kichwa, zikakaa vizuri kuliko zamani.

Halafu nikaenda kwa wale wawili wa dirishani. Nilibandua "Tumefunga" kwenye nyayo za kila ukurasa, na safari hii sikunywa chai. Nilifuta kurasa zenyewe, tangazo na mabati. Mkitaka ukurasa ubaki lakini usionyeshwe, iko alama ya kuuwekea inayoiambia mashine isiuingize katika orodha yake. Lakini tangazo lililokwisha mnaliwekea alama ya nini? Mtaliuza kwa makumbusho? Futeni. Furaha alipeleka ombi kwa mashine ije isome tena mapema, akaniambia, "Ombi, Baba. Si amri. Itakuja siku yake."

Tukangoja.

Hapo ndipo kazi hii inapowashinda vijana wengi, kwa sababu hakuna cha kufanya. Siku ya kwanza, maneno mawili yaleyale. Siku ya pili pia. Mama Zaina alipita kila mchana, akasimama langoni bila kuingia.

"Imefungua?"

"Bado."

"Mauwa iko anahesabu siku, na mimi niko nahesabu."

Siku ya nne "Paa limeng'oka" liliondoka, likabaki "Tumefunga" peke yake, na hilo lilikuwa baya zaidi, maana sasa hapakuwa hata na sababu. Mwajuma aliniona sili.

"Weye ambaye kuhama kitandani mpaka mezani ni safari," alisema, "umezunguka ua huu mara kumi leo. Utatupasulia ardhi."

Siku ya sita, hakuna kitu. Jina tupu. Nilimwita Mwajuma, tukatazama utupu ule kama watu wanaotazama mtoto amelala baada ya homa. Siku ya nane asubuhi niliandika jina la Mama Zaina, na chini yake yalikuwa yamepangwa manne: Kujifungua. Chumba cha kungojea. Vitanda viko. Njia ya kufika. Mashine ilikuwa imeyachagua yenyewe. Hakuna aliyeibembeleza.

Nilivaa viatu kwa mara ya pili mwezi ule, nikaenda kumwonyesha Mama Zaina. Alisoma, akarudisha simu.

"Nzuri. Mauwa iko wapi?"

Nikakaa kwenye benchi. Nikarudi kesho yake nikakaa tena. Kesho yake pia, na watu wa mtaa wakaanza kumuuliza Mwajuma kama amenifukuza.

Siku hiyo ya tatu, jua likiwa bado juu, pikipiki ilisimama mbele ya ua. Akashuka kijana mwenye udongo mwekundu katika kucha, beseni la nguo kichwani, simu mkononi. Nyuma yake, taratibu kama mtu anayebeba maji mpaka ukingoni, akashuka mwanamke mwenye tumbo ambalo lilifika kabla yake.

"Shikamoo, Muzee. Hapa njo kwa Mama Zaina?"

"Marahaba. Njo hapa."

"Muko wazi kweli? Juma lililopita simu imesema mumefunga, na paa haiko. Nikamwambia bibi yangu, basi tutazalia huku kwenye shimo, Mungu iko. Analia siku tatu, hali chakula. Juzi nimeangalia tena, kumbe iko chumba cha kungojea, iko vitanda! Nimefinya, nimesoma yote, tumepanda pikipiki. Lakini ninyi watu wa Kindu munageuza mawazo mbio!"

"Haya maneno ya simu," nilisema, nikijinyoosha mgongo, "ni kazi yangu mimi."

Alinitazama kwa heshima. Kisha akafikiri, na mtu akifikiri mbele yako jiandae.

"Na ile ya kwanza? Ya kufunga?"

Mauwa naye alikuwa amenigeukia. Ningeweza kuusingizia upepo.

"Na ile pia ni mimi," nilisema.

Mama Zaina alitoka, akamwona Mauwa, akamshika mkono wa juu kama mtu anayeokota kitu chake kilichopotea. "Baba Foni, toka mulangoni," aliniambia. Nikatoka mlangoni.

Mauwa alikaa katika chumba cha kungojea siku tisa. Siku ya kumi mchana, Mwajuma aliyekuwa amepeleka uji alirudi mbio akaniambia uchungu umeanza. Nilikwenda. Mume wa Mauwa alikuwa kwenye benchi, nikakaa kando yake. Tulisikia wa kwanza akilia. Tukangoja muda mrefu, kijana akaushika mkono wangu bila kujua ni wa nani, tukamsikia wa pili. Kisha hatukusikia watoto tena, tulisikia miguu ikienda upesi na sauti ya Mama Zaina ikiita jina la Mauwa. Damu ilikuwa imekuja, kama alivyoogopa. Lakini safari hii iliikuta mikono yake tayari. Aliita mara moja, mara mbili, na mara ya tatu tukasikia ndani sauti ndogo, chovu, yenye hasira kidogo, ikiitika.

Nimesema habari zangu kwa foni ya vita, nimepigia wakubwa barua zao, na nikiwaambia kwamba sauti ile ndiyo mshahara mkubwa niliopata katika viti vyote vitatu, msiniulize nathibitishaje. Mapacha walipewa majina ya babu zao wawili. Mimi nilipewa kikombe cha chai, baridi.

Kesho yake asubuhi nilikuwa nimeketi kwangu, nimejaa sifa mpaka kooni, Mama Zaina alipopaza sauti kutoka barabarani bila kusimama, ndoo kichwani.

"Baba Foni! Lile neno lako, 'Vitanda viko'!"

"Ndiyo, Mama Zaina?" nilisema, nikijiandaa kupokea shukrani.

"Litoe. Vimejaa vyote. Litoe sasa hivi, kabla muntu hajavuka mto!"

Nililitoa, nikampigia Furaha apeleke ombi jingine, chai yangu ingali inafuka moshi.